Sifa Iliyotoka kwa Mbwa

Neno lenyewe ni feisty. Hutamkwa faisti, na siku hizi Waingereza na Wamarekani hulitumia kumsifu mtu mdogo wa umbo au wa cheo ambaye haonewi: bibi kizee anayemkemea konda, msichana anayembishia bosi wake, mbunge mwanamke anayekatizwa kila mara na bado anamaliza hoja yake. Ukilikuta katika magazeti yao, linakuja na tabasamu. Ukilifuata nyuma, karne hadi karne, unafika kwa mbwa, na nyuma ya mbwa unafika kwenye jambo ambalo mtu mzima hapa kwetu hulitaja baada ya kuomba radhi.

Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Sasa nimestaafu, naishi Mombo, si mbali na njia panda ya kupandia Lushoto, na wanafunzi wangu wa zamani bado hunijia na maswali kana kwamba kengele haijalia. Mmoja wao anaongoza watalii huko mlimani. Anawapeleka Irente, kwenye jabali la kutazamia nyika, na Magamba, msituni. Alishuka Mombo kungoja basi la Tanga, akapita kunisalimia.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba mwanangu. Habari za mlimani?"

"Nzuri, Madam. Nina swali. Kuna mgeni ameandika kwenye kitabu cha wageni kwamba mimi ni feisty. Nimelitafuta kwenye simu, nikakuta habari za mbwa. Amenisifu au amenitukana?"

Nikamwuliza alifanya nini hata akaandikiwa hivyo. Akaniambia kwamba katika kundi lake alikuwamo mwanaume wa makamo mwenye kamera kubwa, aliyetaka kumpiga picha bibi mmoja aliyekuwa akiteremka na mzigo wa kuni kichwani. Binti alisimama katikati yao, akamwambia mgeni kwa Kiingereza kilichonyooka: mwombe kwanza, na akikataa, amekataa. Yule bwana akanuna. Mwanamke mmoja katika kundi hilo akafurahi, na jioni ndiye aliyeandika lile neno.

Nilimjibu kwamba amesifiwa, na kwamba aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Hilo ni kweli. Lakini swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu, hasa kwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara 7, na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Kumwita mtu mbwa kwa Kiswahili ni kumvua utu wake. Basi nikakaa na neno hili mpaka nikaujua ukoo wake, na nimeona niwaandikie wengine wanaolisikia au kulisoma bila kujua limepita wapi.

Kiingereza cha zama za kati kilikuwa na kitenzi fisten. Maana yake, mniwie radhi, ni kujamba. Kufikia miaka ya 1520 watu walikuwa wakimwita mbwa koko anayenuka fysting curre. Baadaye sehemu ile ya kwanza ikasimama peke yake, ikawa jina la mbwa yeyote mdogo, na kila eneo likalitamka lilivyoweza: fist, foist, fice, feist. Mwaka 1770 George Washington, kabla hajawa rais wa kwanza wa Marekani, alitumia umbo mojawapo la neno hili katika shajara yake alipomtaja mbwa mdogo wa rangi ya manjano. Nako London, kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapwa mwaka 1811 inalitaja pamoja na tabia ya mabibi wa majumbani kuwasingizia mbwa wao wa kupakata harufu waliyoitoa wao wenyewe.

Hapo nilisimama kwa muda. Mbwa yule alibebeshwa aibu ya aliyempakata, na jina likamganda yeye. Aliyekaa kitini akabaki bibi wa heshima.

Walowezi walivuka bahari na neno lao. Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, mbwa huyo mdogo akawa mbwa wa kazi. Ana miguu mirefu kwa umbo lake, ni mwepesi, na kazi yake kubwa ni kuwinda kindi: humkimbiza mpaka apande mti, kisha hubaki pale chini akibweka hadi mwindaji afike. Haulizi kama mnyama aliye mbele yake amemzidi ukubwa. Kutokana na hulka hiyo watu wakapata sifa ya binadamu, na mwaka 1896 neno feisty linaonekana katika maandishi kwa maana ya mtu mkali, mwepesi wa kugombana. Horace Kephart, aliyeishi na wakazi wa milima hiyo na kutoa kitabu juu yao mwaka 1913, alilikuta likitumika kwa mtu asiyetulia, anayejitingisha ili kila mmoja amwone. Harufu ilikwisha kusahaulika. Vilivyobaki ni udogo, kelele na kutoogopa.

Katika karne ya 20 neno likapanda cheo, likawa sifa. Lakini tazameni ni nani anayepewa. Jenerali hapewi. Mwenyekiti wa benki kuu hapewi. Mwanaume mrefu wa sauti nzito akigonga meza, wanasema ni imara, ana msimamo. Neno hili hupewa mwanamke, mzee, mtu mfupi, au timu ndogo iliyokataa kufungwa na timu kubwa. Anayelitamka amekwisha kumpima mwenzake na kuona kwamba hawezi kumdhuru, ndipo akapata nafasi ya kufurahishwa naye. Wako wanawake wengi wenye kuzungumza Kiingereza ambao hawataki kuitwa hivyo, na mimi niko upande wao.

Maneno mengine ya Kiingereza ya ushupavu yametoka kwingine. Mettle, ule uimara unaoonekana mtu anapojaribiwa, ni neno moja na lile la chuma, metal. Tahajia ndiyo iliyokuja kuyatenga. Spunk ilikuwa kitu kikavu cha kudakia cheche wakati wa kuwasha moto. Pluck ni moyo, maini na mapafu, vile vinavyong'olewa kwa pamoja kifuani mwa mnyama akishachinjwa. Muuza nyama yeyote wa Mombo anavijua, na hajui kwamba Waingereza waliviona kuwa ndiyo makao ya ujasiri. Haya nayaheshimu. Yanamsifu mtu kwa kilichomo ndani yake.

Hata neno lao la jumla la hulka, temperament, lilianzia tumboni na kwenye mishipa. Kwa Kilatini asili yake ni kuchanganya. Waganga wa Kiyunani, tangu Hippocrates hadi Galen, walifundisha kwamba mwili una majimaji ya namna 4: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Kila mtu ana mchanganyo wake, na aliyezidiwa na nyongo ya njano huwa wa moto, mkavu, mwepesi wa hasira. Waarabu waliipokea elimu hiyo, Ibn Sina akaipanga katika Kanuni yake ya tiba mwanzoni mwa karne ya 11, na mpaka leo wazee wa pwani yetu huvigawa vyakula na maradhi kuwa vya joto na vya baridi. Neno letu harara linatoka katika lugha ya elimu hiyo. Kwa Kiarabu ni joto. Kwa Kiswahili ni joto la mwili, ni vipele vya jasho vinavyowatoka watoto shingoni, na ni hasira za haraka.

Mombo tunazijua zote tatu. Tuko kwenye unyayo wa mlima, mahali ambapo jua la saa nane mchana linakufanya usitake hata kuinua mkono, na kilomita 32 tu juu yetu, Lushoto, watu wanatembea na masweta. Mama yangu aliolewa huku kutoka Bumbuli, na hadi anafariki aliamini kwamba joto la chini ndilo lililowapa watoto wake majibu ya haraka. Akiniona nabishana na kaka zangu, alisema harara imenipanda, akanipa maji ya ukwaju yanipoze. Kaka zangu walikuwa wakibishana na mimi, kwa sauti kubwa kuliko yangu, na hakuna hata mmoja aliyepewa ukwaju. Nilikuwa mtoto, lakini nililiona.

Nikirudi kwa mbwa: milima hii iliyo juu yetu ina habari kubwa inayoanza na mbwa. Aliyeiandika kwa Kiswahili ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kwanza kilitoka kwa vipande katika mtambo wa misheni kule Magila, Bonde, na ambacho mwaka 1962 kilichapwa upya Nairobi. Wazee wa Kisambaa wanaisimulia bila kitabu. Mbegha alizaliwa Nguu, nchi ambayo leo watu wa Handeni na Kilindi wanaiona kwa macho. Alikuwa kigego: meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa desturi ya wakati huo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi wa ukoo, asiyefaa kuishi. Yeye aliachwa akaishi. Alipokua, ndugu walimnyima urithi wake na kumkataa. Akatoka na mikuki yake na mbwa wake, akawa mwindaji wa nguruwe, na hatimaye akaupanda mlima wa Usambara.

Watu wa huko walikuwa wakulima, na nguruwe walikuwa wakiwamalizia mashamba. Mbegha na mbwa wake wakawaua nguruwe. Nyama aliwagawia wenyeji, nao wakampa vyakula vya shambani, na kutoka kwenye kubadilishana huko akawa mwamuzi wa magomvi yao, mwisho mfalme mjini Vugha. Njiani kwenda Vugha, wanasimulia, aliua simba. Basi jina lake la enzi likawa Simba Mwene, na watawala wa ukoo wake waliokuja baadaye wakasifiwa kwalo, mpaka kwa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862.

Nimewafundisha wanafunzi habari hii mara nyingi, na sikuwahi kuipima kwa jicho ninaloipima nalo sasa. Waliomlisha Mbegha ni mbwa. Waliompatia heshima ya wakulima ni mbwa. Simba alikutana naye usiku mmoja. Lakini mtu mwenye nguvu anapotafutiwa jina, simba ndiye anayeitwa, na mbwa wanabaki nje ya ua. Hulka yenyewe ni moja: ya mtu aliyekataliwa na ndugu zake asikubali kuishia hapo. Ikiwa kwa mfalme, ni ya simba. Ikiwa kwa binti anayewaongoza watalii Irente, Kiingereza kinamletea mbwa wa kupakata.

Na Kiswahili kinamletea nini? Hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha niliyoipenda kuliko zote.

Kinamletea jeuri. Asili ya neno hilo ni jawr ya Kiarabu, dhuluma, uonevu wa mwenye nguvu juu ya wasio nazo. Kwetu limeshuka mpaka likawa neno la kumkemea aliye chini: mtoto anayemjibu mkubwa, mke anayehoji hesabu ya fedha za mazao, kibarua anayedai ujira wake. Kosa la sultani tumemvika asiye na kitu. Kinamletea pia jike dume, kana kwamba ujasiri ni kiungo alichokiazima kwa mwanaume na siku moja atadaiwa akirudishe. Kinamletea kiherehere. Kinamletea mcharuko. Kinasema "ana mdomo", na kila mtu anajua kwamba hausifiwi mdomo wake.

Neno machachari lina mkasa wake. Redio ikitangaza mpira, mshambuliaji machachari ni yule anayewasumbua mabeki dakika zote 90, na kila klabu inamtaka. Ukimtaja mtoto wa kike kwamba ni machachari, shangazi zake wanaanza kuulizana ataolewa lini ili atulie.

Hata hivyo lugha yetu ina akiba ya maneno ambayo hayaulizi aliyesimama mbele ni nani. Chukua ari. Kwa Kiarabu ni aibu, fedheha. Waswahili wameigeuza kwa namna iliyonifurahisha kila nilipoieleza darasani: ari imekuwa ile nia inayomshika mtu akatae kuaibika. Timu iliyofungwa mabao 3 ikirudi kipindi cha pili inacheza kwa ari. Mjane anayelima heka peke yake ili wanawe wasirudishwe nyumbani kwa ada ana ari. Chukua hamasa, ambayo Abu Tammam, mshairi wa Kiarabu wa karne ya 9, aliifanya jina la mkusanyo mashuhuri wa mashairi ya ushujaa. Na chukua kupiga moyo konde. Hapo hakuna mnyama wa aina yoyote. Mtu anajifunga mwenyewe, kisha anakwenda.

Mombo ni mahali pazuri pa kusikia maneno ya aina hii yakigongana. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na tangu wakati huo mji umekaa njiani: Wasambaa wanaoshusha mboga na matunda kutoka mlimani, Wazigua na Wabondei, Wapare, Wamasai wa nyikani, na wajukuu wa watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali kukata mkonge. Pale stendi, akina mama wanaouza matunda madirishani mwa mabasi hawana muda wa kunyamaza. Basi linasimama dakika chache, abiria anataka bei ya bure, konda anataka kuondoka. Mama anayepandisha sauti pale anauza. Nimewasikia abiria wakisema "wanawake wa hapa wana jeuri" huku wakila machungwa waliyoyanunua kwao.

Nilipokuwa kazini nilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na karatasi moja. Ripoti ya mwanafunzi ina upande wa masomo na upande wa tabia na mwenendo. Huo wa pili una vipengele vyake: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu na vingine vya namna hiyo, na kila kimoja mwalimu wa darasa hukiwekea alama. Sikupata kuona kipengele cha ujasiri. Katika shule moja niliyofundisha, msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono mstarini asubuhi, akauliza kwa nini wasichana peke yao ndio wanaochota maji ya nyumba za walimu wakati wavulana wako uwanjani. Muhula ulipoisha nikaona ripoti yake kabla haijafungwa. Heshima: D. Maoni: "Ana jeuri."

Nilikwenda ofisi ya walimu nikamwuliza mwenzangu aliyeijaza: kanuni ipi ameivunja? Aliinua mkono. Alingoja aitwe. Alianza kwa shikamoo. Mwenzangu akafikiri, akasema tatizo ni sauti yake. Nikamwuliza sauti ipi angetumia ili swali lile lisiwe jeuri. Hakunipa jibu, na nadhani halipo. Nikaomba lile neno lifutwe, pahali pake paandikwe alichokifanya: "Aliuliza kwa nini wasichana peke yao wanachota maji." Tulibishana mpaka suala likafika kwa mkuu wa shule. Neno lilifutwa. Sentensi yangu haikuandikwa, na ile D ilibaki, nayo msichana akaipeleka nyumbani kwa baba yake.

Kwa sababu hiyo yule binti wa Lushoto nilimwambia kwamba akiomba kazi kwenye kampuni nyingine ya utalii, asijitambulishe kwa sifa aliyoandikiwa, hata kama ameambiwa ni sifa. Aeleze tukio. Alimzuia mgeni kumpiga picha mwanakijiji asiyeombwa ruhusa, na kundi likaendelea na safari. Mwajiri mwenye akili atajua amepata mtu wa namna gani.

Historia ya ukanda wetu nayo ingesomwa hivyo. Ukitoka Mombo kwa barabara kuu ukapita Mazinde, Mkomazi, Hedaru na Makanya, unafika Same. Pale, mwaka 1945, maelfu ya wanaume wa Kipare waliacha mashamba yao, wakajikusanya kwenye makao makuu ya wilaya kuipinga kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Mgomo ule unajulikana kwa jina la mbiru, baragumu ya pembe iliyopigwa kuwaita watu. Profesa Isaria Kimambo ameuandikia kitabu. Wanaume walikaa wakigoma kwa miezi, na muda wote huo nyumba, mifugo na mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake.

Kisha wanawake wenyewe wakaingia. Usangi, katika milima ya Upare wa kaskazini, walilizunguka jengo ambamo mtawala wao alikuwa akikutana na ofisa wa serikali ya Kiingereza. Walimwambia ofisa huyo kwamba ama alimalize suala la kodi ili waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba yeye. Hebu fikirini maneno hayo yakisemwa na wanawake waliolelewa kuinamisha macho mbele ya wakwe, yakisemwa mchana, mbele ya mtawala na askari. Baadaye mamia yao waliteremka mlima kwa miguu kwenda Same. Serikali iliiacha kodi ile.

Nimewauliza watu kadhaa hapa Mombo wenye asili ya Upare kama wanayajua majina ya wanawake waliokuwa mstari wa mbele. Majina ya wanaume wanayo. Ya wanawake yanakuja nusu: bibi yake fulani, mama wa fulani. Sijakata tamaa.

Miaka 10 baadaye madai yalikuwa ya nchi nzima: uhuru. Chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilihitaji wanawake, na mwaka 1955 kikampata Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza kwa hotuba za vitabuni. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, ambako wanawake walikuwa tayari na viongozi wao, michango yao na nyumba za kukutania, na ndani ya miezi michache maelfu walikuwa na kadi za chama. Jirani zetu Kenya wana Wangari Maathai. Mwaka 1989 aliandika barua baada ya barua kupinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wabunge walimdhihaki bungeni. Jumba halikujengwa, bustani ipo, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Wanawake hawa wanaandikwa kwa Kiingereza kila mwaka, na neno la mbwa mdogo linanyemelea karibu na majina yao. Waandishi wa Kiswahili tusilipokee. Wala tusilitafutie mwenzake wa Kiswahili na kumtia kwenye kamusi, maana jeuri na jike dume vinatutosha kwa ubaya. Tunayo ari, tunayo hamasa, na tuna vitenzi: walizunguka, walikataa, waliteremka, aliandika barua.

Ninakusanya maneno. Naamini Kizigua, Kibondei, Kisambaa na Kipare vina majina ya sifa waliyopewa mabibi wasiotishika, majina ambayo yalitamkwa kwenye kilio, kwenye harusi au shambani, na ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote. Wewe msomaji wa Handeni, wa Korogwe, wa Same au wa Mlalo, mwulize mkubwa aliyebaki nyumbani kwenu wakati bado anakumbuka. Akikupa neno, liandike kama anavyolitamka, ulitume kwa anwani ya gazeti hili. Pamoja nalo niandikie bibi huyo alimkabili nani, wapi, na kwa ajili ya nini.